Sogea, Mzee: Mwongozo wa Kuanza Udereva wa Lori Ukiwa na Mvi

Ugonjwa huu huanza kama saa nane mchana, siku feni ya ofisi imekufa. Umeshika kalamu nyekundu, mezani una madaftari 94 ya kidato cha pili, na kwenye la juu kabisa mtoto wa watu ameandika kwamba Mlima Kilimanjaro ulijengwa na Wajerumani. Nje linapita lori. Linapiga ile honi ndefu ya upepo, dereva katoa kiwiko dirishani, tela linamfuata kama mkia wa mnyama aliyeshiba. Unamwangalia mpaka anapotelea kwenye kona. Kisha unajisemea moyoni: yule hana mkuu wa shule.

Hapo umekwisha patikana. Mimi nilipatikana hivyo hivyo nikiwa na miaka 46, baada ya miaka 21 ya kufundisha jiografia, na mwongozo huu nauandika ili anayenifuata asije kusema hakuambiwa. Unawahusu walimu, makarani, mabwana shamba, wahasibu wa ushirika, na yeyote ambaye siku hizi akipiga hesabu ya kikokotoo cha pensheni usiku anakosa usingizi. Vijana hawauhitaji. Kijana akiharibu anaanza upya. Wewe ukiharibu una mkopo wa benki na mtoto yuko chuo mwaka wa pili.

Jipime nyumbani

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, fanya majaribio matatu.

La kwanza: chukua kiti, kiweke juani, ukae kutwa. Kila baada ya dakika arobaini inuka, kisogeze hatua mbili mbele, ukae tena. Usimuulize mtu hiki kiti kinakwenda wapi.

La pili: kunywa chai vikombe viwili vikubwa, halafu mwombe mama watoto afunge choo na aende sokoni na ufunguo. Mtu akishavuka miaka 45, kibofu hakipokei tena maelekezo kutoka juu, na katikati ya mlima hakuna mahali pa kuegesha tani 50 eti mzee anachimba dawa.

La tatu: mtafute kijana wa mtaani, umri wa mwanao wa kwanza, akufokee mbele za watu kwa nusu saa kwa sababu ya namna unavyokunja turubai. Ukimjibu, umefeli. Ukinyamaza lakini ukakunja uso, umefeli pia. Ukimwambia "sawa, kiongozi" na ukaanza kulikunja upya, endelea kusoma.

Leseni ni karatasi

Malori haya yanataka leseni ya daraja E. Mafunzo yapo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na vyuo vya VETA mikoani, na nakusihi usiyakwepe hata kama kuna jamaa amekuahidi kukumalizia kila kitu ukiwa umekaa kwako. Sisi tuliokuwa serikalini tunaukumbuka mwaka 2017, orodha ya vyeti vya kughushi ilipotoka na majina zaidi ya 9,900. Cheti cha kughushi ofisini kinaweza kukaa miaka ishirini kabla hakijakuumbua. Barabarani hakifiki kona ya tatu.

Darasani utakuwa mzee kuliko mwalimu. Utakaa mbele kwa mazoea ya heshima, na pia kwa sababu ubao huuoni. Nadharia utafaulu: alama za barabarani, sheria, namna breki za upepo zinavyofanya kazi. Mitihani ya kuandika ndiyo iliyotulea. Kisha mtatoka uwanjani, mtapanga mapipa mistari miwili, na utaambiwa urudi rivasi na tela.

Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukiendelea kukata kulia, linakunjika kama kisu cha mfukoni na kichwa cha lori kinabaki kinalitazama ubavuni. Nilimweleza mkufunzi kwamba kanuni naielewa kabisa, na nikamchorea mchoro kwenye vumbi kwa kijiti, wenye mishale. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Umeeleza vizuri sana, mwalimu," akasema. "Sasa nenda kaliinue lile pipa."

Nilikwenda nikaliinua. Wiki ile nililiinua mara nyingi kiasi kwamba lilianza kunizoea.

Utingo ni mkubwa wako

Hakuna tajiri mwenye akili timamu atakayekukabidhi gari lake kwa sababu una mvi. Safari zako za kwanza utapanda kama mwanagenzi, chini ya suka aliyeanza kazi hii ukiwa bado unasahihisha mitihani. Ukija kupewa gari lako mwenyewe utapewa pamoja na utingo, na hapo ndipo shule inapoanza.

Utingo wangu alikuwa na miaka 23. Alikuwa anapita kwenye matairi 22 ya gari na kipande cha bomba, analigonga kila moja mara moja, na kwa mlio tu anakwambia lipi limepungua upepo. Mimi niligonga yote nikasikia matairi 22. Alijua kupika ugali chini ya tela mvua ikinyesha, alijua kila mama lishe kutoka Chalinze hadi Tunduma, na yupi kati yao anaongeza maji kwenye maharage. Alijua kulala wakati wowote, kwa amri yake mwenyewe, na kuamka sekunde ile gari lilipobadili mlio.

Mimi aliniita "mzee". Usilipokee neno hili kwa pupa. "Mzee" kwenye lori lina maana tatu. Kuna mzee wa salamu, hilo halina madhara. Kuna mzee wa kuvuta, "mzeee", maana yake gia hiyo siyo. Na kuna lile la ghafla na fupi, linalotamkwa huku mkono umeshika dashibodi. Hilo ukilisikia kanyaga breki kwanza, utauliza baadaye.

Mbele ya mtu huyu vyeo vyako vyote vya zamani havina kazi. Siku ya nne nilimweleza jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea. Akakubali kwa kichwa. Halafu akaniuliza, kwa kutaka kujua kabisa, kama ningependa kujifunza kufunga kamba isiyolegea.

Tajiri anakuona

Uliacha kazi ili usiwe na mkuu wa shule. Pole. Mkuu wa shule alikuwa anapita madarasani mara mbili kwa siku, na ukisikia viatu vyake kwenye korido una muda wa kufuta kiti na kusimama. Tajiri wa siku hizi hana viatu. Ana simu, na ndani ya simu kuna ramani, na juu ya ramani kuna kitone chekundu ambacho ni wewe. Yuko Kariakoo anakunywa kahawa anaona umesimama Ilula dakika 40. Anapiga.

"Mwalimu, kuna nini hapo Ilula?"

Kulikuwa na nyanya. Ilula huwa kuna nyanya, ndoo kwa ndoo kando ya barabara, na mama watoto alikuwa ameagiza. Lakini jitayarishe kuwa mtu mwenye miaka 46 anayejieleza kwa simu kuhusu nyanya.

Mafuta nayo yana mita ndani ya tangi. Zamani, wakongwe wanasimulia, lita chache za dizeli zilikuwa na kawaida ya kupotea njiani na kumwachia dereva kitu kidogo mfukoni. Atakayekuja dirishani na dumu tupu na tabasamu, mkatalie. Kitone chekundu kinajua. Utakaloweza kubakiza kwa halali ni posho ya safari, na hilo linategemea kula maharage. Ukila kuku kila kituo utarudi nyumbani na uzito mpya na mfuko wa zamani. Ukiongeza na chipsi mayai za usiku na zile chupa ndogo za kuongeza nguvu, daktari wako naye atakuja kuhitaji kitone chake.

Barabara uliyoifundisha hujawahi kuiona

Darasani niliichora barabara hii ya kwenda Zambia kwa chaki ya rangi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa njia ya kusini, na mafuta yake yakabidi yapitie Dar es Salaam, kwa mapipa, juu ya malori, kwenye njia ya vumbi na tope ambayo Waingereza waliiita Mbio za Jehanamu. Baadaye ikaja lami. Bomba la TAZAMA likafika Ndola mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, katikati ya miaka ya 1970. Yote hayo niliyamaliza kwa dakika 40, kengele ikalia. Katika miaka 21 sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba watu waliokuwa kwenye yale malori walikuwa na viuno.

Utalijua hilo ukifika Morogoro. Kiuno kinaanza kuzungumza pale Msamvu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Ukifika Mafinga kimekwisha vua viatu.

Bomba lipo na reli ipo, lakini malori barabarani ni kama siafu. Kwenda tunapeleka mbolea, ngano, mafuta na salfa ya migodini. Kurudi tunaleta shaba. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na hadi Lubumbashi ni kama 2,000. Kwenye ramani ya ukutani ilikuwa sentimita chache nilizoziruka kwa fimbo.

Mizani

Mizani ipo Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, na huko mbele ipo mingine. Utadhani, kwa sababu umesoma, kwamba mizani inapima uzito wa gari. Inapima uzito wa kila mahali ulipokaa uzito wa gari. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, semi la ekseli sita linaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya mbele, 18 kwenye mbili za nyuma ya kichwa na 24 kwenye tatu za tela: jumla tani 50. Lenye ekseli saba halivuki tani 56, hata likiwa la nani.

Niliingia Wenda nikiwa na mifuko ya mbolea, uzito wa jumla umekaa vizuri, natabasamu. Kumbe pale mlima Kitonga, wakati tunapanda, mzigo ulikuwa umejisogeza nyuma kidogo bila kuaga. Jumla ilikuwa sahihi na tela limezidi. Nilijitetea kwa hesabu: ukijumlisha, bwana, huoni hakuna kilichoongezeka? Bwana aliona. Hesabu yangu ilikuwa sawa na gari lilikuwa kosa.

Tulitoa turubai tukahamisha mifuko ya kilo 50 kwenda mbele, mimi, utingo na vijana wawili wa kukodi, jua la saa saba. Mfuko wa kumi na mbili nilikaa chini. Utingo akaniletea maji, akasema tu, "Wewe hesabu, mzee, sisi tubebe." Nikahesabu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Dar elimu yangu kupata kazi.

Wanyama wenye bei

Kabla ya hapo utakuwa umepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za barabara kuu ambako pundamilia wanavuka bila kuangalia kulia wala kushoto. Kuna bango lenye orodha ya wanyama na faini zao, mfano wa ubao wa vyakula hotelini. Tembo na twiga wako juu kabisa, dola 15,000 kila mmoja. Punguza mwendo. Ukigongana na twiga, marehemu ni yeye lakini msiba ni wako.

Kitonga, na aya isiyo na mzaha

Ukitoka Ruaha Mbuyuni, umenunua vitunguu, ukuta wa milima unasimama mbele yako na barabara inaanza kujikunja kuupanda. Ndiyo Kitonga. Kwenda, unapanda kwa gia ndogo, polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu mibuyu iliyobaki chini. Mabasi yanakupita kwa hasira. Yaache yapite, abiria wao wana ratiba, wewe una mbolea.

Kitonga yenyewe inakungoja wakati wa kurudi, ukiwa na shaba, kichwa kimeelekea bondeni. Kanuni ya wakongwe ni moja: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Injini ndiyo ikushike, breki za mguu uziweke akiba, kwa sababu breki iliyoshikwa mlima mzima inapata moto, ikipata moto inanuka, na ikianza kunuka imekwisha kuaga. Wapo wanaotoa gia na kuliachia gari lijiserereshe, ili kubana mafuta kidogo. Mabaki ya baadhi ya magari yao utayaona chini ya kona, yamelala ubavu. Mkoa wa Mbeya nao una miteremko yake, Inyala na Iwambi, na kila mmoja una makaburi. Hakuna lita ya dizeli yenye thamani hiyo.

Na hapa ndipo umri unapokufaa. Kijana anashuka Kitonga akijua yeye hafi. Wewe umezika wenzako, unajua kifo kinavyokuja bila miadi, na mguu wako una woga wa kweli. Katika sifa zote ulizoandika kwenye barua ya kuomba kazi, woga hukuuandika, na ndiyo sifa pekee aliyopaswa tajiri kukulipia.

Tunduma, au kazi yenyewe

Sasa nakufunulia siri ambayo huambiwi chuoni. Kazi ya dereva wa lori ni kusubiri. Kuendesha ni mapumziko mafupi kati ya foleni moja na nyingine.

Unasubiri kupakia. Unasubiri karatasi za mzigo. Unasubiri fundi, unasubiri spea, unasubiri spea sahihi. Lakini mfalme wa kusubiri ni mpaka. Foleni ikiwa njema unaikuta ukiwa unaiona Tunduma. Ikiwa imeamka vibaya unaikuta Mpemba, lori nyuma ya lori, na mtu wa mbele yako ametundika nguo zake kwenye kamba kati ya kioo na tela. Nguo zikikauka kabla hajasogea, jua siku ngapi.

Mwaka 2019 nchi mbili zilizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili mwenye mzigo akaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na ukishaingia ndani mambo yanakwenda. Neno la kuzingatia ni "ukishaingia". Lango hata liwe pana vipi haliwezi kumeza barabara nzima kwa mkupuo.

Foleni ina sheria zake. Hakuna anayemruka mwenzake, isipokuwa wanaomruka. Maji ya kuoga yanauzwa kwa ndoo, simu inachajiwa kwa shilingi, chai inakuja kwa baiskeli. Vishoka nao wanakuja, kila mmoja ana shemeji ndani anayeweza kukusaidia; mwachie wakala wa tajiri kazi yake, wewe kaa na karatasi zako. Drafti inachezwa kwa vizibo vya soda, na nakuonya usicheze na mzee yeyote aliyekaa kwenye foleni zaidi ya siku mbili, maana hana kingine anachofikiria. Usiku unakuwa wa baridi kali. Na saa tisa usiku, umeshikwa na usingizi wa kwanza mtamu, mtu anagonga mlango kwa kiganja: "Sogea, mzee! Sogea!"

Unaamka, unawasha, unasogea urefu wa lori moja, unazima. Ukichelewa, nafasi ile imekwisha chukuliwa, na foleni nzima itakupigia honi mpaka Zambia wajue jina lako.

Siku mbili za mwanzo niliumia. Nilitembea kutoka mwisho wa foleni hadi mwanzo nikiuliza, nikarudi nikampa utingo takwimu: magari mangapi, yanapita mangapi kwa saa, kwa hiyo tutavuka lini. Kila nilipomaliza mahesabu alikuwa amelala. Siku ya tatu nilifungua kabati la chini ya tela, nikatoa kigoda, nikakaa kivulini mwa tairi nikimenya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Sikuuliza chochote kwa mtu. Utingo alinitazama muda mrefu, akaja akakaa karibu.

"Hebu niambie," akasema. "Lile bonde. Lilipasukaje?"

Tulikuwa na muda. Nilianzia mwanzo kabisa.

Ukishavuka mpaka, saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Zambia wanatumia majira ya kati. Madereva wageni hufurahi. Wamepewa saa moja ya ziada ya kusubiri.

Kongo, ambako Kiswahili chako kinapimwa upya

Zambia utaipita kwa siku kadhaa za miti na lami iliyonyooka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, ukikumbuka Kiingereza chako cha chuo. Kisha mpaka wa Kasumbalesa, foleni nyingine, ambayo sasa utaikaa kama mwenyeji. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano mfukoni, siyo kwenye begi.

Ng'ambo ya pili unakuta watu wanaongea Kiswahili, na furaha yako inadumu dakika tatu. "Mutu" ni mtu, "muzuri" ni mzuri, "feza" ni fedha, na kati ya maneno hayo Kifaransa kinapita bila kupunguza mwendo. Nilimwambia muuza mikate, "Samahani ndugu, naomba unipatie mkate mmoja tafadhali." Akawaita wenzake waje wasikie. "Huyu anasema Swahili bora!" Nikarudia sentensi ile kwa watu sita. Walinisifu sana, na bei ya mkate haikushuka.

Kurudi unapewa shaba: mabamba mazito yaliyofungwa mafungu mafungu, kama tani 30, na lakiri juu yake. Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 katika soko la London. Zidisha mwenyewe. Utalala usiku ukiwa umeegemea mali ambayo ukoo wako wote haujawahi kuigusa, na asubuhi utanunua andazi kwa kukopa, kwa sababu posho iliishia Chingola.

Kurudi nyumbani

Safari yangu ya kwanza bila suka wa kunisimamia ilichukua siku 31. Nyumbani walikuwa wamejifunza kuishi bila mimi kwa ufanisi uliotia shaka. Mtoto wa mwisho alikuwa amehamia kwenye kiti changu. Mama watoto alikuwa ameshafukuza mpangaji, amepaka rangi banda na kupatanisha dada zangu wawili waliogombana tangu mwaka 2011. Alinipokea vizuri, akanipikia, akanisikiliza habari za Kasumbalesa hadi mwisho, na akaniambia niache kukaa upande wa dirishani, nakaa kama nimekodi.

Nilipita pia mbele ya shule yangu ya zamani, nikiwa kwenye lori. Ilikuwa kama saa nane mchana. Kwenye dirisha la chumba cha walimu nilimwona mwenzangu wa hisabati, kalamu nyekundu mkononi, ananitazama. Nikampigia honi ndefu. Kiwiko kilikuwa dirishani. Napenda mwongozo huu uweke rekodi sawa: kipooza hewa cha gari kilikuwa kimekufa, na bega la kulia lilikuwa halishuki zaidi ya hapo. Hilo kutoka ofisini halionekani.

Alinipigia simu jioni ile ile. Anauliza daraja E linachukua muda gani. Nimemwambia aanze na kiti cha juani.

Usiku nililala kitandani kwangu, kitanda kipana kisichotikisika, bila gari la mtu mwingine kunguruma nyuma yangu. Ukimya ule ulinisumbua mpaka karibu usiku wa manane. Nikapitiwa. Kumbe usingizini nilikuwa nimejinyoosha kwa kukingama, kama mtu aliyezoea kitanda cha nyuma ya viti na sasa ameachiwa uwanja. Mama watoto, amebanwa ukutani, akanigonga begani kwa kiganja.

"Sogea, mzee."

Niliinuka kabla macho hayajafunguka. Mkono ukatafuta ufunguo gizani, mguu wa kushoto ukakanyaga klachi kwa nguvu zote. Klachi ikapiga kelele. Taa ikawashwa.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akauliza, ameshika mguu wake.

"Siendi popote," nikamwambia. "Nasogea tu."